Magoti ya Nyanjige

Baada ya Malampaka barabara ilikoma kuwa barabara, ikawa makorongo yaliyokubaliana kuelekea upande mmoja. Lori lilikuwa limebeba magunia matupu yaliyoshushwa kwenye treni asubuhi ile, na kwa kuwa magunia matupu hayana uzito wa kulituliza gari, kila shimo lilimrusha Specioza mpaka utosi ukagonga bati la kabini. Dereva, Athanasi, alikuwa mtu wa kwao Muleba. Ndiye aliyempelekea habari kwamba Bariadi kuna kazi ya kuchambua pamba, na kwamba mjane asiye na shamba anaweza kuishi huko bila kuulizwa mume wake alikufa na nini.

Nje ya dirisha hapakuwa na mgomba hata mmoja. Specioza alizaliwa katika kivuli cha migomba na akaolewa katika kivuli hicho hicho. Nchi hii tambarare, yenye ng'ombe wembamba, nyua za minyaa na anga isiyo na mwisho, aliiona kama nyumba ambayo wenyewe wamehama wakaondoka na paa.

"Huko wanalima nini?" aliuliza.

"Pamba," alisema Athanasi. "Na dengu. Na ubishi, ila huo unalimwa na mtu mmoja tu."

"Mtu gani?"

"Utamwona. Wewe bosi akiingia piga magoti, mwamkie, endelea na kazi yako."

"Kwani kwetu hatupigi?"

"Ndiyo maana nikakuita wewe. Goti lako limeshazoea."

Walifika jua likiwa limepanda. Kiwanja cha Mayunga, huyo bosi, kilikuwa ghala la zamani la chama cha ushirika. Jina la chama lilikuwa limepakwa chokaa, lakini chokaa ilikuwa nyepesi na herufi zilikuwa zikichungulia kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Uani, wanawake walikuwa wameketi juu ya maturubai, mbele ya kila mmoja kilima cha pamba, mikono ikienda kushoto na kulia. Pamba nyeupe iliitwa safi. Iliyoguswa na mvua au mdudu iliitwa fifi. Enzi za chama, mkulima mwenyewe ndiye aliyechambua nyumbani kwake, kwa sababu mnunuzi alikuwa mmoja na alikuwa na macho. Sasa soko lilikuwa limefunguliwa. Wanunuzi walijaa vijijini kama inzi kwenye kibuyu cha maziwa, kila mmoja akihofia mwenzake asimtangulie, na wakulima wakajifunza kuuza pamba pamoja na mchanga, maji, na mara moja jiwe zima la kusagia. Ndipo uchambuzi ukahamia uani kwa mnunuzi, na wanawake wakahamia nao.

Specioza hajashusha mfuko kichwani, pikapu nyeupe ikaingia. Mikono yote ilisimama. Wanawake wakainuka kutoka kwenye pamba, wakapiga magoti kwenye mchanga, kanga zikifagia makapi.

"Mwangaluka, baba."

Specioza alishusha mfuko akapiga pamoja nao, akaitamka salamu ile ya Kisukuma kama alivyoisikia. Alipoinua macho aliona kwamba katika uwanja wote mwanamke mmoja alikuwa amesimama. Alikuwa mrefu, mwenye mvi, amejifunga kanga ya buluu iliyopauka, na kiganjani ameshika pamba.

"Umeamkaje, Mayunga," alisema, kama mtu anavyomsalimu mtoto wa jirani njiani. Kisha akaketi, mikono ikaendelea.

Mayunga hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa na shati lililopigwa pasi na miwani, na waliomjua wanasema hawakumbuki siku aliyopaza sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, akaingia ofisini.

Specioza alimwinamia mwanamke wa karibu, Kwandu, aliyekuwa na kitoto kichanga mgongoni. "Yule ni mama yake bosi?"

"Mama yake?" Kwandu alicheka mpaka mtoto akaamka. "Mama yake angekuwa ameshafukuzwa. Yule ni Nyanjige. Ni kibarua kama mimi na wewe."

Jioni, walipotawanyika, Specioza aliona jambo lililomchanganya zaidi. Mlinzi wa lango alikuwa mzee Maduhu, mwenye koti la jeshi lililobaki mkono mmoja na meno yaliyobaki machache kuliko vifungo vya koti. Nyanjige alipofika mbele yake alipiga magoti yote mawili kwenye vumbi, viganja vimekutana, macho chini. "Mwadila, baba." Akangoja mpaka mzee alipoitikia, ndipo akainuka.

*

Vibarua waliotoka mbali walilala kwenye vyumba vya nyuma ya ghala. Mayunga mwenyewe ndiye aliyempangia Specioza. "Wewe wa Bukoba utalala na yule mwenye miguu ya mbao," alisema kwa upole, na karani akacheka inavyopasa.

Mwenye miguu ya mbao alimpa Specioza nusu ya mkeka iliyo mbali na mlango. Alimpikia michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo Wasukuma huvihifadhi kwa ajili ya njaa, akavichanganya na karanga, akamtazama akila. "Ndizi zenu hamzikaushi?" aliuliza. Specioza alisema hapana. "Basi mna bahati, au hamna akili," alisema Nyanjige.

Jumapili walikwenda mtoni. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na maji yalifukuliwa chini yake kwa bakuli, kidogo kidogo, ukiyasubiri yajikusanye. Ni kazi inayowapa watu nafasi ya kuongea.

"Mayu," alisema Specioza, ambaye alikuwa ameshajifunza kwamba hapo ndivyo mama anavyoitwa, "kwa mlinzi unapiga, kwa bosi hupigi. Kwa nini?"

"Maduhu ni mtu mzima. Alichunga pamoja na baba yangu."

"Na bosi?"

"Bosi nilimfuta kamasi."

Alichota bakuli, akamimina kwenye ndoo, akangoja. Kisha akasimulia bila kupamba. Mayunga aliletwa Sola, nyumbani kwa baba yake Nyanjige, mzee Mahona, akiwa yatima wa kuchunga ng'ombe kwa chakula. Nyanjige alikuwa msichana wa kuolewa. Alimtoa miiba nyayoni, akamshonea kaptula. Siku moja usingizi ulimchukua mtoto yule machungani, na fisi akachukua ndama. Mzee Mahona hakumpiga. Alimwamuru azunguke mji mzima kwa magoti, amwamkie kila mmoja: wazee, wanawake, wasichana, vitoto visivyojua kusema, na mwisho mbwa.

"Mbwa, mayu?"

"Mbwa. Mbwa akamlamba uso. Tulicheka." Nyanjige alifukua mchanga. "Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa na sauti wakati ule."

Specioza alifikiri kidogo. Kwao goti ni mfupa tu, unakunjwa na kukunjuliwa. "Basi mpigie hilo goti mmalizane."

"Ningempigia kama angetaka tumalizane. Mume wangu aliponirudisha kwa kukosa mtoto, na kaka yangu hakunitaka, Mayunga alikuja Sola na gari yake kunichukua. Watu wakamsifu, huyu hajasahau alikolelewa. Njiani nikamwambia, Mayunga, baba yangu alikukosea, na mimi nilicheka. Nisamehe. Unajua alisemaje? Alisema hakumbuki." Alinyanyua ndoo. "Hakumbuki, lakini kila asubuhi anatazama magoti yangu. Mtu akiukataa msamaha wako akadai goti lako, huyo hadai kosa. Anakudai wewe mwenyewe. Kamata upande huo, tupandishe."

*

Mayunga hakuwa na haraka. Kwanza alimtoa Nyanjige kwenye safi akampeleka kwenye fifi peke yake, nyuma ya ghala, ambako vumbi la pamba iliyooza huingia kifuani na halitoki. Nyanjige akachambua fifi, akaanza kukohoa. Kisha akamwamuru afagie ofisi kabla ya kazi. Akafagia, amesimama. Kisha, siku ambayo wanunuzi wakubwa wa nyuzi walikuja kutoka Dar es Salaam na kuandaliwa nyama choma ofisini, akaamuru Nyanjige ndiye awanawishe.

Mwanamke anayemnawisha mwanamume mikono hupiga magoti, mkono mmoja birika, mkono mwingine beseni. Hakuna njia nyingine, kila mtu pale alidhani. Wanawake uani waliacha pamba na kunyoosha shingo mlangoni.

Nyanjige alikuja na beseni, birika, na kigoda. Mbele ya kila mgeni aliweka kigoda, juu ya kigoda akaweka beseni, akamimina akiwa wima kama mlingoti. Alipofika kwa Mayunga alikiweka kigoda vile vile.

"Nawa, Mayunga. Maji ni ya moto."

Mgeni mmoja mnene alifuta mikono akitabasamu. "Bwana Mayunga, hapa bosi ni nani?"

Wenzake wakacheka, kicheko cha watu walioshiba. Mayunga naye alicheka. Alinawa kidole kimoja kimoja, akala, akawasindikiza wageni mpaka kwenye gari lao. Kisha akarudi uani, akasimama katikati ya maturubai, na kwa sauti ile ile ya chini akasema kwamba kuanzia kesho hakutakuwa na uji.

Uji wa mchana ndio ulioshika kazi ile. Wengi walitoka nyumbani hawajatia kitu mdomoni. Kwandu alinyonyesha kwa uji ule.

"Unga upo," alisema Mayunga. "Sukari ipo, kuni zipo. Anayeufunga si mimi. Siku Nyanjige atakapokuwa na adabu kama nyinyi, sufuria litarudi."

Mwanzoni walicheka. Kwandu alisema sufuria lenyewe lilikuwa na kutu, na uji wenyewe ulikuwa maji yaliyoona unga kwa mbali. Walimpigia Nyanjige vigelegele vya chinichini. Wakaleta mahindi ya kuchoma wakagawana. Lakini hindi la nyumbani ni la watoto wa nyumbani, na baada ya muda hakuna aliyeleta. Mchana ulirefuka. Mikono ilipunguza mwendo, na karani akasoma majina ya waliochelewa. Kitoto cha Kwandu kilianza kulia kilio cha kunyonya titi lisilojibu, na kilio hicho kilipita juu ya pamba mpaka nyuma ya ghala kwenye fifi.

"Mayu," Kwandu alimwendea huko, "mimi najua wewe una haki. Lakini haki yako hainyonywi."

Nyanjige alikohoa. Jioni alimpa Kwandu kibuyu cha michembe. Kwandu alikipokea, na kesho yake kikaisha.

Njaa haikai kimya, hutafuta jina la mtu. Wiki ile ile wanawake walimhukumu Nyanjige kwa hukumu wanayoijua tangu utotoni, ile ambayo vijiji vya huko humpa mwizi wa ng'ombe au mtu asiyeitikia yowe la jirani. Walimtenga. Hakuna aliyepaswa kuitikia salamu yake, kumpa kijinga cha moto, kuchota naye maji wala kuketi alipoketi. Mayunga hakuwaagiza. Hakuhitaji. Alikaa ofisini na mlango wazi, akisikiliza uwanja ukifanya kazi yake.

Kwa Specioza hukumu hiyo ilikuwa na mlango na mkeka. Alilala chumba kimoja na mtu aliyetengwa. Kwandu alimwambia: "Wewe ni mgeni, lakini ukiongea naye tutakutenga na wewe, na wewe hata kwenu hujui njia." Basi Specioza alivuta mkeka wake mpaka ukutani. Asubuhi Nyanjige alisema, "Umeamkaje, ng'wanawane," maana yake mwanangu, na Specioza akafunga kanga yake polepole kama mtu asiyesikia. Kesho yake akasema tena. Na kesho yake. Hakuwahi kuuliza kwa nini hajibiwi. Alikuwa anaijua hukumu hiyo, pengine aliwahi kuitoa. Moto wake ulipozimika, Specioza, ambaye jiko lake lilikuwa linawaka, alimtazama akila michembe mikavu, akivunja kwa meno ya pembeni, na akageuza uso.

Mwanzoni iliuma. Baadaye ilikuwa rahisi, na urahisi huo ndio uliomtisha.

*

Lakini mila ile ina mlango wa kutokea. Aliyetengwa akichoka huwaendea wote aliowakosea, ambao sharti wakae chini kwa mduara. Hupiga magoti mbele ya mmoja mmoja, hutaja kosa lake, hulisha watu, na akishasamehewa jambo limezikwa. Atakayelifukua, yeye ndiye anayetengwa. Hata watoto wanaijua sheria hiyo.

Asubuhi moja Nyanjige alisimama mbele ya maturubai akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kesho mchana atawaomba radhi.

Habari ilifika ofisini kabla hajamaliza kukohoa. Mayunga aliitikia kwa kichwa. Kisha akafanya kosa ambalo hata mchunga ndama wa kule asingelifanya, isipokuwa aliyekaa muda mrefu juu ya viti: alituma watu wawaite wale wageni wa Dar es Salaam, waliokuwa bado mjini, na akaagiza kiti chake cha ofisini kitolewe nje.

Kesho mchana wanawake waliketi mchangani kwa mduara. Mayunga aliketi kitini, mkuu wa mduara, suti ya kijivu, wageni wakiwa nyuma yake kwenye benchi. Nyanjige alitoka chumbani na beseni la michembe iliyopikwa kwa karanga, yote aliyokuwa nayo, akaliweka katikati. Akakunja kanga ya buluu.

Magoti yake yaligusa mchanga. Njiwa alisikika akikwaruza bati la ghala.

"Kwandu," alisema. "Umekosa uji kwa ajili yangu, na mtoto wako amelia. Nisamehe."

Kwandu alikuwa amejiandaa kuwa mkali. Alimgusa bega. "Nimekusamehe, mayu."

Nyanjige hakuinuka. Alitembea kwa magoti mpaka kwa wa pili, akasema yale yale, akasamehewa, akaenda kwa wa tatu. Makapi ya pamba yana ncha kama sindano, na nyuma yake mchanga ulibaki na mistari miwili, yenye wekundu kidogo. Aliuzunguka mduara wote hivyo. Wageni walidhani ni tamasha lililoandaliwa kwa ajili yao. Mayunga peke yake alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa ameishika mikono ya kiti, akiutazama mzunguko ule kama mtu anayetazama uso wake mwenyewe wa zamani, na midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, kana kwamba anajua neno linalofuata kabla halijasemwa.

Wa mwisho alikuwa Specioza.

"Ng'wanawane. Umenyamaza kwa ajili yangu, na wewe si mtu wa kunyamaza. Nisamehe."

Specioza alitaka kusema kitu kirefu. Akasema, "Nimekusamehe," kwa Kihaya, kisha kwa Kiswahili.

Baada ya Specioza kulikuwa na kiti. Nyanjige aliweka kiganja chini, akajiinua goti moja, kisha la pili. Alijikung'uta makapi.

"Na mimi?" alisema Mayunga.

"Wewe hukukosa uji, Mayunga."

Mgeni mnene alishindwa kujizuia. Alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa. Mmoja wa wanawake alicheka pia, na wa tatu, na kwa muda mfupi kicheko kilizunguka mduara kwa njia ile ile magoti yalikopita. Kwandu alikuwa anafuta machozi kwa pindo la mbeleko. Michembe ilianza kupita mkono kwa mkono. Jambo lilikuwa limezikwa.

Mayunga alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa.

"Uji," alimwambia karani.

Sufuria lilitolewa jikoni likiwa tayari, maana alikuwa ameagiza upikwe tangu asubuhi, kwa ajili ya ushindi. Ulikuwa na maziwa safari hii, na sukari ya kutosha, na harufu yake ilifika kwa watu kabla ya sufuria. Vikombe vilipangwa juu ya turubai. Kitoto cha Kwandu kilinyamaza chenyewe.

"Nimeahidi, na mimi si mtu wa kuvunja ahadi," alisema Mayunga. "Kila mmoja atakunywa. Kunyweni mshibe. Ila kila anayechukua kikombe atamgeukia Nyanjige kwanza, amwambie neno moja. Toka. Asiyetaka kusema, lango si la kumfungia mtu. Aende naye."

Hakuna aliyesogea. Mwanamke aliyekuwa anatafuna michembe aliacha kutafuna.

"Baba," alisema Kwandu, "tumeshamsamehe."

"Nimeona. Vizuri sana. Sasa mwambie."

"Atakayelifukua jambo lililozikwa..."

"Anatengwa. Naijua sheria, Kwandu, nililelewa Sola. Mkifukua wote, nani atabaki wa kuwatenga?" Alimmiminia uji yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akamnyooshea. "Mtoto anakutazama."

Kwandu alikitazama kikombe. Alimtazama mtoto. Alisema akiwa ameinamisha kichwa, "Toka, mayu."

"Bila mayu."

"Toka."

Akapewa kikombe. Wa pili akasema haraka, kama anayemeza dawa. Wa tatu alilia lakini akasema. Baada ya hapo ilikwenda kama kazi nyingine yoyote ya uwanja ule, mkono huku, mkono kule, na karani akimimina. Nyanjige alisimama pale pale alipoinukia, akimtazama usoni kila aliyesema. Damu ilikuwa inashuka kutoka kwenye goti la kushoto, ikafika kwenye kifundo, ikakauka. Wageni waliangalia viatu vyao. Mgeni mnene aliuliza kama gari liko tayari.

Kikombe kilikuwa cha moto mkononi mwa Specioza kabla hajajua kwamba amekipokea. Nyuma ya Mayunga alimwona Athanasi ameegemea lori, akimtikisia kichwa polepole: sema, mwanamke, usiwe mjinga. Alifikiria Muleba, shamba ambalo mashemeji walikuwa wamekwisha kuligawana. Alifikiria barabara ile ya makorongo.

"Tunakusubiri wewe, wa Bukoba," alisema Mayunga.

Nyanjige alimsogelea hatua moja. Uso wake haukuwa na hasira wala huruma. Ulikuwa uso ule wa kule mtoni, wa kungoja maji yajikusanye.

"Sema, ng'wanawane," alisema. "Uji unapoa."

Specioza akasema.

Nyanjige aliingia chumbani, akatoka na mkeka wake umekunjwa na jembe lisilo na mpini. Beseni aliliacha, watu walikuwa bado wanakula humo. Mayunga alimwambia Athanasi, bila kugeuka, kwamba leo lori haliendi upande wa Sola. Athanasi alisema ndiyo, bosi.

Langoni, mzee Maduhu alikuwa amesimama, mkono mmoja wa koti ukining'inia. Yeye hakuwa amekunywa uji. Nyanjige aliweka mkeka chini, akapiga magoti yale yenye damu, yote mawili, viganja vimekutana.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu," aliitikia mzee. Kisha akamfungulia, na alipopita akafunga lango, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyopewa.

"Wewe wa Bukoba," Mayunga aliita kutoka kitini. "Kesho utashika wewe usimamizi wa safi. Sasa lete maji ninawe. Nimeshika masufuria."

Specioza alichukua beseni la kunawia na birika. Kigoda kilikuwa pale pale mlangoni pa ofisi. Alikipita. Alipiga magoti mbele ya kiti, kwenye mchanga wenye mistari miwili, na makapi yakamchoma mahali pale pale. Maji yalishuka juu ya vidole vya Mayunga, kimoja kimoja. Juu ya bega lake, katikati ya nondo za lango, kanga ya buluu ilikuwa inakwenda zake barabarani, bila kuharakisha, mkeka kichwani.

"Mimina," alisema Mayunga. "Unatazama nini?"